Pedi Iliyolala Kifudifudi

Sitasema alizaliwa wapi wala alikuwa mtoto wa nani. Sijui, na wote waliojifanya wanajua walikuwa wanaongopa, mimi nikiwamo. Tulimwita Fundi, basi. Mafundi walikuwepo wengi kutoka Shinyanga mpaka Geita, wa baiskeli, wa redio, wa cherehani, lakini dereva akisema "napitia kwa Fundi" kila mtu alijua ni yule wa breki, pale njia panda mbele ya Kahama ukielekea kwenye machimbo ya Bulyanhulu. Banda lake lilikuwa na mabati matatu na ukuta mmoja. Kuta nyingine alisema zinamzuia kusikia.

Alikuwa mrefu na mkavu, na macho yake yalikuwa mekundu. Hilo la macho nalisema mapema kwa sababu kwetu si jambo dogo. Usukumani, bibi mwenye macho mekundu hudhaniwa mchawi na analala roho mkononi, hata kama wekundu umetokana na moshi wa kinyesi cha ng'ombe anachopikia. Macho ya Fundi yalikuwa mekundu kwa vumbi la breki na moshi wa makaa yake. Nilijua hivyo. Nilikaa naye miaka na nilijua hivyo kabisa.

Mtu akimletea pedi mpya za breki amchagulie, hakutazama kasha. Kasha alilitupa kando kana kwamba linanuka. Ilikuwa miaka ile ya uhaba, sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, na vipuri vya pikapu vinapita mipakani ndani ya magunia ya karanga. Kulikuwa na wajanja waliosaga unga wa mbao, wakauchanganya na gundi, wakaupaka rangi nyeusi na kuugandisha kwenye kibamba cha chuma, wakakuuzia kama pedi. Kwa macho huwezi kutofautisha. Fundi aliipitishia ukucha, akaitemea mate akangoja aone kama yatanywewa, akaiweka kwenye makaa na kuinusa. Halafu, mwisho kabisa, aliiangusha juu ya jiwe.

Jiwe lenyewe lilikuwa bapa, jeusi, mbele ya banda. Pedi nzuri ikianguka ilisema *ting*, fupi, safi. Mbovu ilisema *pu*. Baina ya hizo mbili kulikuwa na sauti nyingi alizozisikia yeye peke yake. Aliinamisha kichwa, akafumba macho yake mekundu, akaidondosha tena na tena. Ukimsemesha wakati huo alikuinulia kidole. Nimewahi kuona mkubwa mmoja wa serikali, mwenye tumbo na kalamu mbili mfukoni, ameinuliwa kidole kile, akanyamaza kama mtoto wa shule.

"Fundi, hii ni laini au ngumu?" niliwahi kumuuliza.

"Laini inashika upesi na kuisha upesi. Ngumu inadumu, ila inakula sahani ya gurudumu na kupiga kelele. Wewe unabeba nini?"

"Watu. Wachimbaji na mizigo yao."

"Kwa hiyo unauliza nini? Chukua laini, uje kwangu mara nyingi." Akacheka peke yake. Alikuwa na kicheko kibaya, kicheko cha mtu asiye na mazoezi.

Kitu kimoja kilinichekesha sana kwake. Hakupanda gari. Yeye, aliyefunga breki za nusu ya pikapu za barabara ile, Jumapili alitembea kwa miguu kwenda misa, kofia mkononi, rozari shingoni, jasho mgongoni. Siku moja nikasimamisha gari kando yake. "Panda basi, Fundi, tutachelewa."

"Breki kafunga nani?"

"Si wewe!"

"Ndiyo maana. Huyo namjua." Akaendelea kutembea.

Mkatoliki wa kupigiwa mfano, na Jumatatu yuko pale anatemea pedi mate na kuyaongelesha makaa. Mchoyo wa maneno, lakini chai alikugawia kikombe chake mwenyewe akabaki anakunywa yake kwenye kifuniko. Vijana wa machimboni walimtania kuwa ana mke chini ya jiwe. Hakukasirika. Alisema, "Angekuwepo angenijibu."

Akimaliza kukufungia pedi, hakusema safari njema. Alipiga boneti kwa nyundo yake ndogo mara mbili, *ko, ko*, na kusema, "Kanyaga!" Maana pedi mpya ni nene, na ili ziingie lazima urudishe nyuma ile pistoni inayozisukuma. Ukimaliza, pedali inakuwa tupu. Usipoikanyaga mara kadhaa kabla ya kuondoka mpaka ikaze, kanyago lako la kwanza barabarani halishiki kitu. Dereva anayesahau hilo husahau mara moja tu. Kwa hiyo ko, ko, nawe unakanyaga huku yeye amesimama mbele ya gari, kifua chake na boneti, mpaka akusikie umekaza. Hapo anasogea. "Ukasimame," anasema. Ndiyo kwaheri yake.

Sasa nije kwenye yale yaliyotutisha.

Alikuwa anajua. Anakukabidhi gari na kusema, "Hizi utazikanyaga kwa nguvu kwanza pale lamboni." Unafika lamboni, ng'ombe mia wanakatiza barabara, unakanyaga mpaka magoti yanaingia kwenye usukani. Miaka mingi baadaye nilifikiri kwamba mtu anayetembea barabara ile kila Jumapili anajua ng'ombe wanakwenda kunywa saa ngapi. Lakini siku ile, ukiwa umesimama katikati ya vumbi na pembe, nywele zinakusimama.

Na kulikuwa na ubao. Ulikuwa umeegemea ule ukuta mmoja, una vishikizo vya misumari, na juu yake alipanga pedi chakavu, moja kwa kila gari alilolihudumia, nyuso zikitazama barabara. Hakuandika chochote. Yangu ilikuwa ya tatu kutoka kushoto, imemeguka pembe. Ukipita bila kusimama uliona zile nyuso nyeusi zinakutazama zote. Abiria wangu wengine walijifunika kanga.

Nilikuwa na rafiki, dereva wa Kahama, mwenye pikapu kama yangu. Tulimwita Baba Kulwa kwa ajili ya mapacha wake. Mtu wa mzaha, mtu wa watu. Siku moja alikuja kwa Fundi na pedi alizozipata Shinyanga, zinang'aa ndani ya karatasi ya mafuta. Nilikuwepo, nakunywa ile chai. Fundi akaiangusha moja jiweni. *Pu.* Akaiangusha tena, akairudisha kwenye karatasi.

"Sifungi hizi."

"Fundi, acha hizo. Nimezihangaikia mwezi mzima!"

"Mteremko wa kwanza zitakushikia. Wa pili zitakuacha."

Mbele ya njia panda ile kuna miteremko miwili inayofuatana, na chini ya wa pili kuna daraja. Baba Kulwa akacheka, akapiga magoti akazifunga mwenyewe, huku akiimba. Akaondoka kwenda kupakia pamba. Fundi hakupiga boneti. Alisimama tu, nyundo mkononi.

Kesho yake asubuhi nilipita tena. Jua lilikuwa limeshapanda, watoto wanakwenda shule, kila kitu cha kawaida kabisa. Nikatazama ubao, maana kila mtu aliutazama ajue pedi yake ipo. Pedi ya Baba Kulwa ilikuwa imelala kifudifudi.

"Hii umeilaza kwa nini?"

Fundi alikuwa anafikicha macho. "Imechoka kutazama," akasema.

Nilikaa pale nikipaka grisi, nikila muhogo. Baada ya muda mrefu, jua utosini, ndipo akaja mtu na baiskeli, jasho linamtoka, akasema gari la pamba limeingia mtoni pale darajani alfajiri, na Baba Kulwa hayupo tena. Yeye ndiye wa kwanza kuleta habari. Barabara nzima hakuna aliyetangulia. Nikamtazama Fundi, naye akatazama ardhi.

Nilimlilia rafiki yangu, jamani. Nililia kweli. Lakini kilio kilipopungua nikabaki na hadithi, na mtu mwenye hadithi Kahama hakosi chai. Nikaanza kuisimulia pale kwenye mgahawa wa madereva. Mara ya kwanza nilisema kama ilivyokuwa: mteremko wa pili. Watu wakaguna. Mara ya pili nikatia chumvi kidogo, kwamba alicheka aliposema hivyo. Mara ya tatu nikasema aliishika ile pedi midomoni akaiitia jina la marehemu, jina lake la ubatizo, mara mbili, kabla ya kuiangusha. Mgahawa ulinyamaza kimya. Mtu akaninunulia andazi. Sikuwa namchukia Fundi hata kidogo, nilikuwa napenda jinsi walivyonyamaza.

Maneno yakatembea kuliko gari. Mwezi haujaisha, wazee na walinzi wa kijiji cha njia panda wakaita mkutano kwenye uwanja wa ghala la pamba. Fundi alikalishwa chini peke yake katikati, jua kali, macho yale mekundu yanachuruzika. Niliitwa mbele.

"Wewe ulikuwepo?" mzee mmoja akauliza.

"Nilikuwepo."

"Ulimsikia akiita jina la mtu juu ya kile chuma?"

Mama Kulwa alikuwa amekaa mstari wa mbele, pacha mmoja kila goti, ananitazama nimwambie nani amemuua mumewe. Ningesema sikumsikia, ningekuwa mwongo mbele ya Kahama nzima. Fundi akainua uso akanitazama, si kwa hasira, alinitazama kama anavyosikiliza pedi inayodondoka.

"Nilimsikia," nikasema.

Lile la pedi kulala kifudifudi sikulisema. Ndilo pekee nililoliona kwa macho yangu na kushindwa kulielewa mpaka leo, na sikulisema. Nilisema lile la uongo.

Hawakumpiga, na wengine waliona amepata bahati. Walimtenga. Asiyejua kutengwa kwetu ni nini asidhani ni jambo jepesi. Hupewi moto, huchoti maji kisimani watu wakiwepo, hakuna wa kukusalimia wala kuitikia salamu yako. Ukifiwa unazika mwenyewe. Atakayesema naye neno moja anatoa mtamba, ng'ombe jike mzima ambaye hajazaa. Watoto walifundishwa kumpita kama wanapita kisiki. Nilipita pale na pikapu mara nyingi baada ya hapo, namwona amekaa kwenye jiwe lake, mkono mmoja unaangusha kitu, unakiokota, unakiangusha. Nilikuwa napandisha kioo.

Miezi ikaenda, nikapatwa na yangu. Pedi ziliisha, nikanunua za haraka Kahama, kwenye kasha zuri. Nilikuwa sina abiria, namshukuru Mungu. Mteremko wa kwanza zikashika vizuri. Wa pili nikakanyaga, pedali ngumu kabisa, gari linakwenda tu. Moshi, harufu ya mbao inayoungua. Niliingiza gari kwenye kichuguu na hicho ndicho kilichonizuia nisifike darajani. Nikakaa pale, bega limeteguka, nanusa ile harufu, na nikaelewa. Mteremko wa kwanza zinapata moto. Wa pili gundi imeshayeyuka. Hakukuwa na uchawi wala jina. Alimwambia rafiki yangu kitu ambacho fundi yeyote mwenye akili angemwambia, na aliyepaswa kumsaidia kumsihi ni mimi niliyekuwa nakunywa chai.

Nilimwambia nani? Hakuna. Mke wangu aliniuliza bega limefanyaje, nikasema nimeanguka na gunia.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa kiangazi, mchana. Nimebeba watu kumi na mmoja nyuma, wachimbaji wanarudi Bulyanhulu, mama mmoja na kichanga mgongoni, na mlinzi wa kijiji cha njia panda, upinde begani na filimbi shingoni, ambaye alidandia hapo Kahama. Kabla ya kufika njia panda breki zikaanza kusaga, chuma kwa chuma, sauti inayoingia kwenye meno. Mbele kuna ile miteremko miwili. Kutoka hapo mpaka Geita pedi za kuaminika zilikuwa kwa mtu mmoja tu.

Nikasimamisha gari mbele ya banda lake.

Mlinzi akashuka akaja dirishani. "Unajua sheria."

"Najua. Ila na wewe uko kwenye gari hili."

Akafikiri. Akautazama mteremko. "Kuokota kitu jiweni si kosa," akasema polepole. "Kosa ni kusema. Mimi nitatazama kule. Ila masikio yangu yapo."

Nikafungua gurudumu, nikatoa pedi moja iliyokwisha, nikaenda kuiweka juu ya jiwe pamoja na vipande viwili vya sabuni na majani ya chai, nikarudi nyuma hatua kumi. Fundi akatoka. Alikuwa amekonda mpaka mikono imekuwa mirefu. Hakunitazama. Akaishika ile pedi, akaipima kwa dole gumba, akaingia ndani akarudi na pea tatu, kuukuu kidogo lakini nzima. Akaangusha ya kwanza. Hata mimi niliisikia: *pu*. Akaisukumia kando kwa mguu. Ya pili, *ting*, lakini akafumba macho, akaiangusha tena, akasikiliza muda mrefu mpaka kichanga kule nyuma kikaanza kulia. Akaiweka kando nayo. Kwa nini, sitajua. Ya tatu akaiangusha mara moja tu, akaiacha jiweni, akaenda kusimama karibu na ubao wake.

Nilipoinama kuzichukua, ndipo nikautazama ubao. Ya tatu kutoka kushoto, iliyomeguka pembe. Ilikuwa imelala kifudifudi.

Mwili wote ulipoa kwenye jua lile. Nilizifunga zile pedi bila kujua nafunga nini, boliti zinaniponyoka. Aliyenifundisha kazi ile amesimama hatua kumi na hawezi kuniambia neno. Nilitaka kumwambia nisamehe. Nilitaka hata shikamoo tu. Nikaingia kwenye gari, nikaliwasha, nikapandisha kioo, ndipo nikasema, "Shikamoo, Fundi," mle ndani, asimonisikia mtu yeyote. Niliona aibu ya kujisikia mwenyewe.

Nikaingiza gia.

*Ko, ko.*

Alikuwa ameshika ile nyundo ndogo na amepiga jiwe mara mbili. Nyuma watu wakapiga kelele. "Anatulaani!" mlinzi akafoka. "Ondoa gari! Ondoa haraka!" Mguu wangu ulikuwa tayari unaachia klachi. Mbele yangu ule mteremko, mweupe kwa jua.

*Ko, ko.*

Kanyaga.

Nikakanyaga, na pedali ikashuka mpaka sakafuni. Tupu. Hakuna kitu kabisa chini ya mguu wangu. Nilikuwa nimesahau, mimi, dereva wa miaka yote hiyo, na nilikuwa nimeshaanza kuondoka na watu kumi na mmoja na kichanga. Nikakanyaga tena, tena, tena, mpaka ikainuka, ikakaza. Nikatazama mbele. Alikuwa amesogea akasimama mbele ya boneti, kifua wazi, kama zamani, anasubiri kusikia. Aliposikia, akasogea pembeni.

Angeweza kuniacha niende. Hakuna ambaye angemlaumu zaidi ya alivyokwisha kulaumiwa.

Nikashusha kioo chote, nikatoa kichwa na mabega. "Shikamoo, Fundi!" nikapaza sauti. "Nilisema uongo! Hukuita jina lolote! Nilisema uongo mbele ya watu!"

Filimbi ya mlinzi ikalia juu ya kichwa changu, ikalia tena na tena, na mtamba wangu wa pekee walimchukua wiki iliyofuata, na mgahawani Kahama hakuna tena aliyeninunulia chai. Kama Fundi alisema marahaba, sikuisikia kwa ile filimbi. Niliona midomo yake tu ikicheza.

Gari likaanza kushuka. Kwenye kioo cha pembeni nikamwona akirudi kwenye ubao, anainama, anaigeuza pedi yangu. Breki zilishika mteremko wa kwanza, na wa pili zikashika vilevile.